FUNDI WETU WA MAMBA

Maneno ya kumkumbuka, yaliyosomwa na Katibu katika sherehe ya Umoja kutimiza miaka kumi



Kamati imetupa dakika ishirini, nasi tumeagizwa kusema habari za mtu mmoja tu. Habari za kilo zilizouzwa, fedha zilizoingia na deni lililobaki zimo katika taarifa ya Mhasibu, na kila chama cha msingi kimepewa nakala yake. Hatutazirudia. Twataka kusema juu ya mzee wetu, fundi seremala, aliyefariki dunia mwaka uliopita akiwa amekwisha kuweka chini randa yake kwa sababu ya macho. Mjane wake ameketi hapa mstari wa mbele pamoja na watoto wake na wajukuu. Mama, twakuamkia, shikamoo.

Mama alituomba jambo moja kabla hatujaandika hata mstari mmoja, nalo ni kwamba jina la mumewe lisipigwe chapa katika kitabu hiki. Alisema kuwa kwa miaka zaidi ya hamsini ya kazi yake mzee hakuandika jina lake juu ya kiti, wala kitanda, wala mlango, na kwamba yeye mjane hataki kufanya baada yake jambo ambalo mwenyewe hakulipenda. Nasi tumetii. Mtu wa Mamba akisikia neno Fundi ajua ni nani anayetajwa. Mgeni asiyejua na autazame mlango wa ghala letu, akaufungue na kuufunga mara moja, atakuwa amekutana naye.

Wazee waliopo hapa watatuvumilia tukianza mbali kidogo. Kazi ya mikono katika milima yetu si kazi ya jana. Kabla ya misumeno ya Ulaya kuja, Upare ulijulikana kwa chuma chake. Ukoo wa Washana walikuwa wahunzi, wayeyushaji na wafuaji wa chuma, na majembe na silaha za Upare zilinunuliwa hata na jirani zetu Wachaga wa Kilimanjaro. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, ameyaeleza haya katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, akaonyesha jinsi Washana walivyokuwa na nguvu huko Ugweno mpaka ukoo wa Wasuya ulipowaondoa katika utawala. Basi kulikuwa na zama ambapo mtu aliyejua moto na nyundo aliweza kuwa mkubwa wa nchi. Twalikumbusha jambo hili kwa vijana wetu wa leo, ambao wakimwona mwenzao ameshika patasi hudhani kwamba amefeli mtihani.

Fundi hakuwa Mshana. Alizoea kusema kwa kicheko kwamba chuma ni cha wenyewe, yeye aliachiwa mti. Baba yake alikuwa mkulima wa migomba na mahindi, na mwaka 1945, Wapare walipoteremka kwa maelfu hadi Same kuipinga kodi ile ya mbiru, baba huyo alikuwa miongoni mwao. Fundi wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakukumbuka chochote isipokuwa yale aliyosimuliwa, kwamba baba aliondoka na kifuko cha mahindi na maharage ya kupikia makande, akarudi siku nyingi baadaye amekonda, wala hakutaka kuulizwa. Kodi ile mwishowe iliondolewa. Wenzetu wa nje hututania wakisema kwamba Mpare huuza ng'ombe apate fedha za kufungulia kesi ya kuku. Waacheni wacheke. Mtu anayejua haki yake hata katika kuku si mtu wa kudharauliwa, na tutaona mbele kidogo kwamba Fundi alikuwa na tabia hiyo hiyo, ila yeye kesi zake alizipeleka mbele ya mizani.

Alipokuwa kijana alipanda gari moshi Same akaenda Tanga, kwa reli ile ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Wakati ule Tanga ilikuwa mkonge, na mkonge ulikuwa Tanga. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, na hapakuwa na nchi iliyotuzidi duniani. Vijana wengi wa milimani walikwenda kukata mkonge, wakarudi na redio na kikohozi. Yeye alikata kwa miezi michache tu. Siku moja kishikio cha toroli kilivunjika, akakichonga kingine kwa panga wakati wenzake wanapumzika, na msimamizi wa karakana alipokiona akamwita ndani. Hivyo ndivyo alivyoingia katika useremala. Hakusoma chuo chochote. Alifundishwa na mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akitengeneza milango ya kiwanda, majukwaa ya mashine ya kusaga mkonge ambayo wafanyakazi waliiita korona, na nyumba za wasimamizi. Mzee huyo, alivyotusimulia Fundi, hakumruhusu kugusa msumeno kwa mwaka mzima. Mwaka mzima alinoa. Alinoa randa, patasi, tezo na keekee, akafagia maranda, akashika upande wa pili wa ubao. Alipolalamika aliambiwa kwamba mtu asiyejua kunoa atakuwa akipigana na mti maisha yake yote, na mti hauchoki.

Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na bei ya katani ulimwenguni ilikuwa imekwisha anza kushuka kwa sababu ya kamba za viwandani. Fundi alikaa kidogo, kisha akarudi Mamba na sanduku la zana alilolitengeneza mwenyewe, lenye pembe zilizoungwa bila msumari hata mmoja. Sanduku hilo lipo leo juu ya meza ile pale. Tafadhali, baada ya hotuba, liangalieni, lakini watoto wasipande juu yake.

Akaoa. Mama ametupa ruhusa ya kusema haya, na mengine amesema tuyaache, nasi tumeyaacha. Wakati wa kuoa alikuwa na chumba kimoja cha udongo chenye nafasi ya mlango lakini bila mlango. Alimwambia mkewe kwamba ataweka mlango wiki ijayo. Basi akaja mwalimu akitaka madirisha, akaja mzee wa kanisa akitaka mabenchi, akaja mtu wa Gonja akitaka kitanda cha arusi, na kila wiki ikawa na mwenyewe. Mlango wa nyumba yake mwenyewe, kwa hesabu ya Mama, ulikuja baada ya miaka saba na mtoto wa tatu. Siku zote hizo walifunga kwa mkeka na ubao wa kuegemeza. Tulimwuliza Mama kama hakukasirika. Akajibu kwamba alikasirika sana, tena kwa sauti, na kwamba mlango ulipokuja ulikuwa mzito na mzuri hata hasira ikakosa pa kuingilia.

Lakini jikoni hakumchelewesha. Jambo hili wengi hawalijui. Mapema kabisa katika ndoa yao aliona macho ya mkewe yanavimba kwa moshi, akavunja ukuta wa juu wa jiko akaweka dirisha la vipande vya mbao vilivyolazwa upande, ili moshi utoke na mvua isiingie. Wanawake wa jirani walikuja kuangalia, na baada ya mwaka mmoja majiko kadhaa ya kitongoji hicho yalikuwa na madirisha ya namna hiyo. Hakuyatoza malipo. Alisema amelipwa kwa makande.

Sisi wenyewe, tuliozaliwa wakati mambo hayo yamekwisha pita, tulimfahamu kwanza kwa madawati. Mwaka 1977 Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, shule zetu za mlimani zilifurika watoto ambao hawakuwa na mahali pa kukaa isipokuwa chini. Wananchi walifanya msaragambo, wanaume wakabeba mawe na mbao, wanawake wakabeba maji na mchanga, na Fundi akatengeneza madawati. Mti ulikuwa wa mkaratusi, mti mkaidi unaopinda ukikaushwa kwa haraka. Alikataa kuutumia mpaka umekaa kivulini miezi mitano, na wakubwa fulani walimwita mchelewesha maendeleo. Madawati yaliyotengenezwa na wengine mwaka ule kwa mbao mbichi yalikwisha kuwa kuni kabla ya miaka kumi. Yale ya Fundi ndiyo tuliyokalia sisi tulipoanza darasa la kwanza miaka mingi baadaye, na mengine yapo mpaka sasa, meusi kwa wino na mikono.

Sasa, Ndugu wanachama, tunafika mahali pa kusema habari za ushirika, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa wengine wenu mlikuwa mkimshutumu mzee huyu kwamba alichelewa kujiunga nasi. Ni kweli alichelewa. Katika miaka mitatu ya kwanza ya Umoja wetu hakununua hisa. Lakini alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ni sehemu ya historia ya nchi hii.

Ushirika wa wakulima katika nchi yetu una umri mkubwa. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata jirani zetu wa Kilimanjaro wakaandikisha umoja wao wa kahawa, KNCU. Milima ya Pare nayo ililima kahawa na kuuza kwa ushirika. Fundi ndiye aliyetengeneza mlango wa ghala la kahawa la zamani, na baba yake alikuwa mwanachama mwenye kadi. Kisha mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi zake zikapewa vijiji na mashirika ya mazao. Hapakuwa na mkutano wa kuwauliza wakulima. Fundi aliitwa aje kubadilisha komeo la ghala lile lile alilolijenga, ili wenyewe wasiingie. Alikwenda, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha, akabadilisha komeo, akapokea malipo, na toka siku hiyo, alivyotuambia, hakupita tena kwa njia ile kama palikuwa na njia nyingine. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini mali haikurudi pamoja na sheria, wala imani. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika bei ikaanguka, na watu wa milima wakaanza kung'oa mibuni au kuiacha imezwe na majani. Polepole tangawizi ikachukua nafasi, hata leo jina la Mamba Miamba likitajwa sokoni, mtu husikia harufu ya tangawizi kabla hajasikia habari.

Basi tulipokwenda kwake na daftari la hisa miaka ile ya mwanzo, alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha chai, kisha akauliza swali moja tu: "Komeo la ghala lenu litakuwa na funguo ngapi, na atazishika nani?" Hatukuliona kuwa ni swali dogo. Kamati ilikaa jioni mbili kulijadili. Utaratibu tunaoutumia hata leo, wa kufuli tatu katika mlango mmoja, ufunguo mmoja kwa Mwenyekiti, mmoja kwa Mtunza ghala na mmoja kwa mwanachama anayechaguliwa na mkutano kila mwaka, ulitokana na swali hilo. Alipouona utaratibu huo umeandikwa katika masharti na kupigiwa kura, alikuja mwenyewe ofisini na fedha taslimu, akanunua hisa, akakataa kukaa kitini kabla hajapewa stakabadhi.

Toka hapo akawa wetu, na si mwanachama wa kukaa kimya.

Kila mkulima hapa anaijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomo, kisha huongezwa kilemba juu, kikashonwa kwa kamba, na mnunuzi hulilipa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu jambo hilo, lakini sheria ipo Same na lumbesa ipo shambani, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hana nguvu ya kumngoja afisa. Siku moja alikuja mnunuzi mmoja, ambaye hatutamtaja, na magari mawili. Mnunuzi huyo alikubali kupima kwa kilo, akasifiwa na wote, na akaleta mizani yake mwenyewe. Fundi alikuwa amekuja kutengeneza meza ya ofisi. Alisimama pembeni akatazama magunia matatu au manne yakipimwa, kisha akaenda nyumbani kwake, akarudi na jiwe.

Lilikuwa jiwe la mtoni, la duara, ambalo alilitumia kukandamizia mbao zilizotiwa gundi. Alikuwa amelipima zamani katika mizani iliyokaguliwa, akaandika uzito wake kwa rangi chini yake, kilo kumi na nane. Akaomba kwa adabu kwamba jiwe lipimwe. Mizani ya mnunuzi ikasema kumi na tano. Hapakuwa na kelele. Fundi hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba ama jiwe limekonda njiani, ama mizani ina njaa. Mnunuzi akafunga magari yake akaondoka siku ile ile, na wako wanachama waliotukasirikia sana kwa kuwa tangawizi yao ilikuwa imekwisha kung'olewa, na tangawizi iliyong'olewa haingoji. Hasira yao ilikuwa na haki. Tuliuza mzigo ule baada ya siku tisa kwa mnunuzi mwingine, sehemu yake ikiwa imekwisha nyauka. Lakini toka mwezi ule Umoja una mizani yake, iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na jiwe la Fundi limekaa chini ya mizani hiyo. Kila mwanachama ana ruhusa ya kulipandisha kabla ya mzigo wake kupimwa. Wengi hufanya hivyo, na Mtunza ghala haoni kwamba ametukanwa.

Tusisahau vichanja. Zamani tulikausha tangawizi juu ya ardhi, wengine juu ya majani ya migomba, wengine juu ya turubai. Ikawa inaokota mchanga, kuku wanapita juu yake, na mvua za ghafla za mlimani zikiinyeshea, usiku mmoja tu ukungu unaota. Fundi alitutengenezea kichanja cha kwanza chenye kimo cha kiuno cha mama, ili akigeuza vipande asiiname, chenye wavu chini ili hewa ipite juu na chini, na paa la kusukuma linalokimbia juu ya reli mbili za mbao. Mvua ikija, mtoto wa miaka kumi huweza kulivuta. Alikataa kukipaka rangi, akisema kwamba tangawizi hunywa harufu ya jirani yake. Leo vichanja vya namna hiyo vimo katika vyama vyetu vyote vya msingi, na vichache kati yake alivitengeneza yeye mwenyewe macho yake yakiwa tayari yameanza kuingia ukungu. Alipima kwa vidole. Tulimwona akipitisha kidole gumba juu ya kiungo, akitikisa kichwa, akarudia.

Na ndiva. Wageni wetu kutoka mbali, ndiva ni bwawa la kuhifadhi maji walilotuachia mababu. Maji ya kijito hukusanywa usiku wakati watu wamelala, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Ndiva moja ya upande wetu ilikuwa ikivuja mahali pa kizibo, na maji ya usiku mzima yalikuwa yakipotea kabla ya jogoo. Walikuwapo waliotaka bomba la chuma na fedha za mfadhili. Fundi alichonga kizibo cha mti mgumu, chenye umbo la chupa iliyopinduliwa, akakilaza katika maji mwezi mzima kivimbe kwanza, ndipo akakisugua kwa msasa mpaka kikaketi. Kimekaa misimu sita. Gharama yake ilikuwa mbuzi mmoja wa kuwalisha watu wa msaragambo, na Fundi hakula nyama ile kwa sababu ya meno.

Tukisema hayo tu tutakuwa tumemchonga mtu asiye na pembe, na yeye alikuwa na pembe. Alikuwa mkali kazini. Kijana aliyeacha randa imelala kwa makali yake chini alifukuzwa siku hiyo, na wengi walifukuzwa, hata wengine ambao wangefaa. Hakupenda kuombwa apunguze bei. Angependa kutoza nusu kwa hiari yake kuliko kupunguza shilingi mia moja kwa kubembelezwa. Alikuwa na maneno machache na baadhi yake yalichoma. Watoto wake watatu wa kiume hakuna aliyefuata kazi yake, nao wametuambia bila kinyongo kwamba karakana ilikuwa mahali pa kuogopwa.

Aliyeifuata ni binti yake wa pili. Alianza kwa kuokota maranda ya kuwashia moto, akaendelea kushika upande wa pili wa ubao, na siku moja baba yake akamkuta ananoa patasi bila kuambiwa. Hakumsifu. Alimpa nyingine ainoe. Wazee kadhaa walikuja kumwambia kwamba haifai mtoto wa kike kupanda juu ya paa. Aliwajibu kwamba mti haujui anayeukata ni mwana wa kiume au wa kike, unajua tu kama msumeno ni mkali. Maneno hayo yalizungumzwa sana vilabuni, na hayakupendwa na wote.

Kazi moja ambayo Fundi hakuwahi kuikawiza ni majeneza. Mtu akija usiku kugonga, taa iliwashwa. Jeneza la mtu mzima alilitoza gharama ya mbao tu. Jeneza la mtoto hakulitoza kabisa, wala hakutaka kuongea wakati akilitengeneza. Mama alitueleza kwamba sababu ilikuwa ni mtoto wao wa nne, ambaye hakuishi mwaka. Usiku ule Fundi alikuwa na mbao za kitanda cha watu, zimekwisha lipiwa. Akazitumia. Asubuhi akaenda kwa mwenye kitanda akamwambia. Mwenye kitanda, ambaye naye sasa ni marehemu, alingoja miezi miwili, na hakulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote mpaka alipokufa.

Jeneza la Fundi mwenyewe lilitengenezwa na binti yake. Alifunga mlango wa karakana akafanya kazi peke yake toka saa mbili usiku mpaka alfajiri, ndugu zake wakiwa nje wamekaa juu ya magogo. Pembe ziliungwa bila msumari. Sisi tuliokwenda kumzika tulibeba kwa zamu, njia ikiwa na utelezi, na jeneza halikulia hata mara moja.

Ndugu Mwenyekiti, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuombe dakika hizi ishirini.

Masharti yetu yampa kila mwanachama haki ya kumtaja kwa maandishi mtu atakayerithi hisa zake. Wengi wetu hatujajaza fomu hiyo, na ofisi inazo fomu mia moja tupu. Fundi aliijaza siku ile ile aliyonunua hisa. Alimtaja mkewe. Baada ya mazishi walikuja ofisini watu wawili wa ukoo, watu wa heshima, wakasema kwamba kwa desturi hisa na karakana ni za ukoo, na kwamba mjane atatunzwa. Tuliwaonyesha fomu. Waliisoma, wakairudia, wakauliza kama yaweza kubadilishwa. Tuliwajibu kwamba mwenye uwezo wa kuibadilisha tumemzika. Waliondoka kwa amani, na mmoja wao yupo hapa leo, twamshukuru. Hisa zimeandikwa kwa jina la Mama, na gawio la mwaka huu amelipokea kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi.

Kuhusu karakana, Mama na binti yake wameleta barua kwa Kamati. Katika barua hiyo wasema kwamba wako tayari kuzitoa zana zote zitumiwe na Umoja, yaani randa nne, misumeno sita, patasi kumi na moja, tezo, keekee, jiliwa mbili, timazi, pimamaji na sanduku lile, kwa masharti mawili. La kwanza, Umoja uwe na banda la kazi karibu na ghala, na binti awe fundi mkuu wa vichanja, milango na madawati yetu kwa malipo ya haki. La pili, kila mwaka vijana wanne wa wanachama wafundishwe humo, wawili wa kiume na wawili wa kike, na mwaka wa kwanza wasiguse msumeno.

Kamati imegawanyika. Wapo wasemao kwamba Umoja ni wa tangawizi, hauhusiki na mbao, na kwamba fedha za banda zingenunua mbolea na mbegu. Wapo wasemao kwamba kijana apelekwe chuo cha ufundi cha Serikali apate cheti, maana bila cheti hakuna atakayemwajiri mjini. Hoja hizo zina uzito, na Mhasibu atawasomea gharama bila kuficha kitu. Sisi kwa upande wetu tumetazama daftari. Katika mwaka uliopita, toka Fundi alipofariki, vyama vyetu vya msingi vimeleta maombi ya kutengenezewa vichanja kumi na saba vilivyoharibika. Vilivyotengenezwa ni vitano, vyote na binti huyu, jioni, baada ya kutoka shambani kwake. Kumi na viwili vimelala chini, na tangawizi ya vyama hivyo imerudi kukauka juu ya turubai.

Shauri hili litapigiwa kura mchana, baada ya chakula. Chakula ni makande, na Mama ndiye aliyesimamia vyungu, kwa hiyo asiondoke mtu. Barua imebandikwa mlangoni pa ghala kwa wale watakao kuisoma wenyewe. Wenye funguo tatu tunawaomba wafike pale sasa hivi, ili mlango ufunguliwe na wageni wakaone jiwe na mizani kabla ya jua kuwa kali.